Utetezi wa Sauti Kali

Msomaji wangu kijana, mjini Thika yako maporomoko ya mito miwili, Chania na Thika, na ngurumo yake haikomi mchana wala usiku. Sijapata kumsikia mzazi akisema kwamba mto ule hauna adabu. Lakini mwanawe akipiga santuri yenye ngurumo mfano wa ile, nyumba nzima husimama. Nataka kusema nawe juu ya santuri moja ya namna hiyo, na juu ya kosa nililolitenda kwa ajili yake.

Santuri hiyo inaitwa Duma, nalo ndilo jina la kundi lililoiimba. Ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nayo ni kazi ya vijana wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Kwa Kiswahili duma ni mnyama awapitaye wote kwa mbio. Wenyewe walikusudia giza, kwa lugha ya Kikuyu. Maana zote mbili zimo. Ngoma za mashine zinakwenda kwa kasi isiyowezwa na mikono ya mtu, na mwimbaji hapambi sauti, bali hupiga ukelele utokao tumboni. Muziki huu ni mtoto wa panki na metali, nyimbo kali za vijana zilizovuma Uingereza na Marekani katika miaka ya 1970.

Kabla sijaja kufundisha katika chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu wa shule moja ya sekondari. Mwanafunzi mmoja alikutwa bwenini akisikiliza santuri hiyo katika simu. Simu ilikuwa kosa, na adhabu yake ilijulikana: kunyang'anywa. Walakini sisi tulikaa kikao kwa ajili ya wimbo. Mmoja wetu alisema kwamba ni kelele. Wa pili alisema kwamba ni uzungu. Wa tatu alisema kwamba watu hawa ni wa kupita, leo wako pamoja, kesho wametawanyika. Wa nne alisema kwamba ni ushetani, kwa kuwa wimbo mmoja una tarakimu 666 katika jina lake. Kijana akarudishwa kwao kwa majuma mawili. Tulitia saini barua ile walimu tisa, na hapana hata mmoja aliyekuwa ameusikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Mmoja katika tisa hao nilikuwa mimi. Baadaye niliisikiliza, na leo nazijibu hoja zile ambazo siku ile nilizipa mkono wangu.

Kwanza, walisema ni kelele, na debe tupu haliachi kuvuma. Naam, lakini si kila kivumacho ni debe tupu. Muziki una kazi nyingi. Upo wa kumlaza mtoto, upo wa kumzika mzee, na upo wa kumtoa mtu uchungu ambao maneno matulivu hayauwezi. Nani alimlaumu mfiwa kwa kuwa ukelele wake haukuwa na lahani nzuri? Tena mbio hizi zina nidhamu yake. Mwaka 1976 kundi la Ramones la New York lilitoa santuri yenye nyimbo 14, zote zikaisha kabla ya nusu saa. Wewe uandikaye insha unajua kwamba kusema jambo kwa ufupi ni kazi kubwa kuliko kulirefusha.

Pili, walisema ni uzungu. Gitaa lilitujia kutoka ng'ambo, nasi tukalifanya liseme benga. Kinanda kilikuja na wamishonari, na leo hapana kwaya inayokionea haya. Chombo ni cha yule anayekitumia. Na hata chimbuko la muziki huu si la watu weupe peke yao. Mwaka 1975, huko Detroit, ndugu watatu weusi wa jamaa ya Hackney walirekodi nyimbo za kasi kama hizi kwa jina la Death. Walitakiwa kulibadili jina wakakataa, na santuri yao haikutoka hadi mwaka 2009. Anayesema kwamba Mwafrika ameazima ukali huu hajui nani alikuwa miongoni mwa wenyewe.

Tatu, walisema hawadumu. Ni kweli kwamba makundi haya hubadili watu. Ramones walipovunja kundi mwaka 1996, katika waanzilishi wanne walikuwa wamebaki wawili tu. Na mwaka 2024 Khanja alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept, kwa jina la Lord Spikeheart. Je, maji ya Chania ya leo ni yale ya jana? Shule yako nayo hupoteza wanafunzi wake wote kila baada ya miaka michache, na jina lake halifutwi.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Sikwambii kwamba kila neno la santuri hizi ni jema. Nakwambia kwamba marufuku si jibu. Mwaka 1929 ulizuka katika nchi ya Wakikuyu wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli wamishonari kwa kuipinga tohara ya wasichana. Haukuwa na mtunzi mmoja. Beti ziliongezwa kila ulikopita. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Mimi siiungi mkono tohara ile hata kidogo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeiharamisha. Katika jambo hilo waimbaji walikosea. Lakini kuufunga wimbo hakukuwa kuwaonyesha kosa lao. Watu wengi waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo chao cha ualimu kikafunguliwa Githunguri. Tohara nayo ikaendelea miaka mingi. Midomo ilifungwa, mioyo haikugeuka. Ikiwa marufuku haikufaa kitu pale penye kosa la kweli, itafaa nini pale ambapo kosa lenyewe halijatafutwa?

Basi, msomaji wangu, ikiwa wauchukia muziki huu, usikilize mpaka mwisho, kisha uandike sababu zako. Chuki yako itakuwa na heshima. Na ikiwa waupenda, usijifiche nyuma ya ngurumo yake. Tuambie ni jambo gani linalokufanya utake kupiga ukelele, nasi wakubwa tutakosa udhuru wa kutolijua.

Kijana yule alirudi baada ya majuma mawili. Alikaa darasani mwangu hadi alipomaliza shule, na hakuinua mkono tena hata siku moja. Tulikitaka kimya, tukakipata. Wazee walikwisha kutuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami, niliyekuwa nimelifundisha neno hilo ubaoni mara nyingi, sikulikumbuka siku ile nilipoishika kalamu.