Chuma kilichokataliwa kazini kisivushe familia yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu, leo hatutazungumza juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tutazungumza juu ya kipande kidogo cha chuma kinachoingia mfukoni, na juu ya mto.

Mji wetu wa Kisangani umekatwa na mto Kongo. Komini tano ziko upande wa kuume, na Lubunga iko peke yake upande wa kushoto. Kati yao hakuna daraja. Tena, ukishuka mto kutoka hapa mpaka baharini utakuta daraja moja tu, lile la Matadi lililofunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo mtu wa Lubunga anayekwenda hospitali, shuleni au sokoni hana budi kupita juu ya maji. Mihogo, mkaa na pikipiki hupita humo humo.

Kwenye kivuko watu hutazama injini. Wanauliza: ni ya nguvu ngapi? Mimi nakuomba utazame vitu vinavyoshika. Mahali pengi katika nchi yetu, mtu akitaka kuvusha mzigo mpana, anafunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu, anapitisha miti juu yake, kisha anatandika mbao. Ni chombo kizuri, kinakaa imara juu ya maji kuliko mtumbwi mmoja. Wavuvi wa ndakala wa ziwa Tanganyika, kule Uvira na Kalemie, wanavua usiku kwa vyombo vya namna hiyo, na jina lake ni katamara. Lakini angalia: miili miwili haipandi wimbi pamoja. Mmoja unainuka, mwingine unashuka, na ugomvi wote huo unaishia pale ilipofungwa. Kamba, mnyororo, na kile chuma chenye umbo la U kinachofungwa kwa pini, ambacho mafundi wetu wanakiita maniye.

Maniye hizo zinatoka wapi? Nyingine zimenunuliwa mpya. Nyingine, tuseme kweli, zimetoka kazini kwetu sisi wenyewe: migodini, magarajini, bandarini. Fundi ameikagua maniye, ameona imelika, ameikataa. Inatupwa kwenye rundo la vyuma vya zamani. Siku chache baadaye imepakwa rangi na iko sokoni inang'aa. Anayeinunua anafurahi, maana watu husema chuma cha kampuni hakina mwisho.

Kina mwisho. Ndiyo maana kilikataliwa.

Kazini tunajua sheria. Maniye ambayo unene wake umepungua kwa sehemu moja ya kumi haitumiki tena. Yaani kama chuma kilikuwa na milimita 20, kikifika 18 mahali popote, kazi yake imekwisha. Iliyopanuka mdomo haitumiki. Pini iliyopinda haitumiki. Ambayo maandishi yake yamefutika haitumiki, hata kama kwa macho ni nzima, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujua ilitengenezwa kwa uzito gani. Na hakuna sudere anayeruhusiwa kuiunga au kuipasha moto, maana moto unaharibu ugumu ambao kiwanda kiliupa chuma hicho. Sheria hizi zinafuatwa tunaponyanyua mota ya pampu. Je, mtoto wako ana thamani ndogo kuliko mota ya pampu?

Basi ukitaka kununua maniye ya mtumbwi, ya baleinieri au ya chombo chochote, anza na maandishi. Maniye ya kweli ina alama zilizopigwa ndani ya chuma chenyewe, si kwa rangi: jina la kiwanda, unene, na uzito unaoruhusiwa, ambao huandikwa WLL au CMU pamoja na tani. Uzito huo si ule wa kuvunjika. Maniye nzuri ikiwa mpya huvunjika kwa uzito wa mara tano au sita kuliko ule ulioandikwa. Wengine wakisikia hivyo wanasema, basi tuongeze mzigo, nafasi ipo. Hapana. Nafasi hiyo si akiba yako. Ni ya mshtuko wakati mkondo unapokamata chombo ghafula, ni ya kutu, ni ya yale usiyoyaona.

Halafu tazama umbo. Ziko za aina mbili. Moja ni nyembamba kama herufi D: hiyo ni ya kuvutwa moja kwa moja, kamba moja huku na kamba moja kule. Usiivute kwa ubavu. Nyingine ina tumbo lililopanuka kama chungu, nayo inaweza kupokea kamba mbili zinazotoka pande mbili. Lakini hata hiyo ina kiasi. Ikivutwa kwa ubavu kwa pembe ya digrii 45, hesabu asilimia 70 tu ya uzito ulioandikwa. Ikivutwa kwa digrii 90, hesabu nusu. Kwenye mitumbwi iliyofungwa pamoja, mvuto wa ubavu ni jambo la kila dakika. Kwa hiyo chagua yenye tumbo, tena chagua kubwa kuliko ile uliyofikiri.

Pembe ndiyo inayowadanganya watu wengi, hata mafundi wa miaka mingi. Unataka kushusha injini ya kilo 1000 chomboni kwa kebo mbili. Kebo zikisimama wima, kila moja inachukua kilo 500. Zikifunguka mpaka pembe kati yake iwe digrii 120, kila moja inachukua kilo 1000 nzima. Mzigo haukuongezeka hata gramu moja! Ni kebo zilizolala tu.

Sasa pini. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa kuwa nimeona maniye nzuri kabisa imefungwa kwa bolti ya gari, kwa msumari, hata kwa kipande cha nondo. Pini ya maniye imetengenezwa pamoja na mwili wake, kwa chuma kinacholingana na mwili huo. Bolti ya kawaida ni laini, inapinda halafu inakatika. Pini ikipotea, maniye imekufa. Usiizike na bolti, itupe.

Pini ya skrubu inafaa mahali unapofungua na kufunga kila siku. Ikaze mpaka mwisho, kisha ipitishe waya laini kwenye tundu lake na kuuzungusha kwenye mwili wa maniye, maana mtetemo wa injini unaifungua polepole bila wewe kujua. Usiache kamba inayotembea ipite juu ya pini, kwa sababu kamba inaizungusha kama mkono wa mtu. Mahali ambapo maniye inakaa miezi, chukua ile yenye bolti yake ya kiwanda, nati na gupi, kile kipini kidogo kinachokunjwa ncha. Gupi ni kitu cha bei ndogo sana sokoni, na hakuna sababu ya kuweka kijiti mahali pake.

Wengi wananiuliza juu ya inoksi, kwa sababu inapendeza macho. Ni nzuri baharini, kwenye chumvi. Mashua ndogo za tanga zenye miili miwili, zile za michezo, milingoti yake inashikwa na kebo nyembamba tatu tu, na kila kebo inashikwa na kipini kidogo. Kimoja kikichomoka, mlingoti wote unaanguka juu ya watu. Wenye mashua hizo wanaagiza inoksi yenye alama na wanaikagua kabla ya kila safari. Lakini mto wetu ni wa maji matamu. Chuma kilichopakwa zinki, chenye alama, kinatosha kabisa, na zinki ikiisha utaiona kutu mapema. Inoksi ya rahisi isiyo na maandishi inakuonyesha uso mzuri mpaka siku inapokatika. Tena nyuzi za skrubu yake zinaweza kushikana zisifunguke. Kama pesa ni kidogo, nunua zinki.

Neno moja juu ya nailoni. Kamba ya nailoni inavutika kama mpira. Unapovuta chombo kilichokwama kwenye mchanga na maniye ikavunjika, kipande cha chuma kinarudi kwa mwendo wa risasi. Watoto wanapenda kusimama karibu kutazama. Waondoe. Nawe usisimame kwenye mstari wa kamba, simama pembeni, mbali.

Wagenia kwenye maporomoko yao hawana maniye. Wanasimamisha miti mikubwa kati ya miamba, wanaifunga kwa kamba za msitu, na vikapu vyao vinaning'inia ndani ya maji yenye hasira. Sisemi tuache chuma. Nasema mtu anayetembea juu ya mti ule kila siku anajua ni fundo gani linalomshika.

Kwa mashefu wa atelie nina ombi. Maniye ikikataliwa, ikatwe vipande viwili kwa shalumo siku ile ile, na namba yake ifutwe kwenye daftari mbele ya fundi aliyeikataa. Isilale hata usiku mmoja kwenye rundo ikiwa nzima. Najua mfanyakazi atakuja kwenu na kusema: shefu, nipe hiyo, si ya kunyanyulia, ni ya mtumbwi tu. Mtumbwi tu? Watu 15 wa kilo 60 ni kilo 900, bila mizigo yao, bila nguvu ya mkondo.

Na kwa akina mama wanaovuka kila asubuhi: mwenye chombo anaishi kwa pesa zenu. Mwambieni awaonyeshe pini, nati na gupi. Kama ameweka msumari, kuna chombo kingine nyuma yake. Mwulizeni kabla hamjalipa.