Ubao Mama Kwanza, Kumbukumbu Baadaye

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Mwanafunzi anayejiundia tarakilishi ya mezani ili aandikie tasnifu yake aghalabu hukimbilia kumbukumbu ya bei nafuu, kisha akautafuta ubao mama. Huko ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda. Ubao ndio uamuao. Kumbukumbu za DDR4 na za DDR5, ambazo kiwango chake kilitangazwa mwaka 2020, zote zina pini 288. Lakini pengo lao haliko mahali pamoja, hivyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Ubao wenye soketi ya AM4 hupokea DDR4; wa AM5, DDR5 pekee.

Mwenye fedha haba na achague ubao kwanza, wenye nafasi ya ziada, aanze na kipande kimoja cha gigabaiti 8, na baadaye aongeze cha pili kinacholingana nacho.

Hata hivyo, maelezo haya huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Wanakiswahili wana wajibu wa kuyafafanua, kwani mnunuzi asiyeyaelewa ni mateka wa muuzaji.