Asumini kwenye ndoo, ploti nzima ikanukia

HUENDA una jamaa Marekani au Uingereza aliyekutumia picha ya kichaka kilichosheheni maua ya zambarau. Maua hayo huitwa lailaki. Mjini Rochester, jimbo la New York, wakazi huyafanyia tamasha kila mwezi wa Mei. Ukiitazama picha hiyo, roho inakutuma umwambie jamaa yako alete tawi moja akija likizo.

Usijisumbue. Kwanza, kuingiza mmea nchini bila kibali cha KEPHIS ni kuvunja sheria, maanake tawi hilo laweza kuja na maradhi ya kuangamiza mashamba ya wenzako. Pili, lailaki ni mti wa baridi kali. Usipopitia majuma kadhaa ya baridi inayokaribia barafu, hautoi maua ipasavyo. Julai ya Nairobi hutuvisha sweta mbili, lakini kwa lailaki hiyo si baridi. Utamwagilia majani miaka nenda miaka rudi.

Hata hivyo, jamaa yake tunaye papa hapa, naye ni mwasumini. Wataalamu wa mimea huiweka miti hiyo miwili katika ukoo mmoja na mzeituni. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wanaujua vyema: vitumba huchumwa jioni, hufunguka usiku, na akina mama huvitunga vikuba vya kuvaa na vya kupambia arusi.

Mwasumini huu aghalabu hauzai mbegu, kwa hivyo huoteshwa kwa tawi. Omba tawi lisilo changa sana wala gumu kama kuni, urefu wa sentimita 15 hivi, lililokatwa chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, kisha zamisha vifundo viwili katika udongo uliochanganywa na mchanga. Lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uliweke kivulini. Mvua za Machi na Aprili ndizo nzuri za kuanzia. Penye joto, mizizi hutoka kwa muda wa majuma manne hadi sita. Penye baridi huchelewa.

Likishika, lihamishie kwenye ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa kitako. Ule udongo mweusi wa Nairobi unaotuama maji usiutumie peke yake. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri. Weka ndoo mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku, hasa karibu na ukuta unaohifadhi joto. Chovya kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Ukihisi unyevu, ngoja.

Je, mwasumini wako una majani tele lakini hauna ua hata moja? Sababu kwa kawaida ni tatu. Huenda uko kivulini. Huenda unaulisha mbolea nyingi ya nitrojeni, ambayo hunenepesha majani tu. Au haujapogolewa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hivyo kila wimbi la maua likipita, punguza thuluthi moja ya matawi. Vidudu vyeupe kama pamba vikivamia, vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Jambo moja usilisahau kabisa: sahani iliyo chini ya ndoo. Maji yakikaa humo kwa juma moja, mbu wanaweza kuzaana, wakiwemo wale waenezao dengi, ugonjwa uliozuka Mombasa mwaka 2017. Imwage na kuisugua sahani hiyo kila baada ya siku tatu. Kazi hiyo wape watoto. Hata wa darasa la pili anaiweza.

Nawe unayekodi chumba kimoja, usiseme bustani ni ya wenye mashamba. Mwenye nyumba akipandisha kodi ukalazimika kuhama, mwaridi ulioupanda uani utabaki kuwa wake. Ndoo ya asumini itapanda mkokoteni pamoja na kitanda na sufuria. Kabla ya kuondoka, mkatie jirani yako tawi.