Andika Neno Lako Mwenyewe



Sasa unajua kusoma. Unajua kuandika jina lako. Unaweza kusoma bei dukani, na kutia sahihi badala ya kidole gumba. Hongera sana. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana ulisoma jioni baada ya kutoka shamba.

Lakini nina swali moja. Tangu uanze kisomo, umeandika nini kilichotoka moyoni mwako? Sisemi maneno uliyonakili ubaoni. Hayo ni ya mwalimu. Sisemi hesabu za mauzo ya pamba. Nasema maneno yako mwenyewe. Wengi mtajibu: bado.

Maoni yangu ni haya. Kila darasa la kisomo liwe na kikundi cha kuandika, na kila anayejua herufi ajiunge. Humo watu waandike wanachotaka, bila kuogopa kosa na bila kuchekwa.

Kosa langu

Kwanza nieleze kosa langu. Miaka michache iliyopita nilitembelea darasa moja la jioni. Niliwaambia wanakisomo waandike jambo lolote. Mama mmoja aliandika mistari minne. Ilikuwa habari ya mtoto wake aliyekufa kwa homa. Mimi nikachukua kalamu nyekundu. Alipoandika "mwanagu" nikasahihisha "mwanangu". Nikamrudishia karatasi. Aliikunja, akaifunga katika pindo la khanga. Wiki tatu hakuonekana darasani.

Nilikwenda nyumbani kwake. Alinipa kigoda, akanisalimu vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikupa habari ya mwanangu. Wewe ukanirudishia herufi."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi. Tangu siku ile nimeacha kalamu nyekundu nyumbani.

Tulivyoanza upya

Tulianza upya, watu wanane chini ya mwembe, mara moja kwa wiki. Tulipatana haya:

1. Tunaandika kwa robo saa. Kalamu isisimame. Ukikosa neno, andika "sina neno, sina neno" mpaka neno lije.

2. Hakuna kufuta. Makosa ya herufi tutayatazama siku nyingine, mwenyewe akitaka.

3. Anayetaka kusoma mbele ya wenzake asome. Asiyetaka aikunje karatasi yake, wala asiulizwe.

4. Msikilizaji hasemi "umekosea". Hutaja neno lililomgusa, au hushukuru tu.

5. Yanayosomwa chini ya mwembe hayaendi kisimani wala kilabuni.

Sharti la tano ndilo zito kuliko yote. Kijijini tunajuana. Mtu akiandika kuhusu deni lake, au ugomvi na mke mwenzake, au hofu ya ugonjwa, ametukabidhi siri. Siri ikivuja mara moja, kikundi kimekufa. Kwa hiyo chagueni wenzenu kwa uangalifu, na kila mmoja atamke ahadi hiyo kwa kinywa chake siku ya kwanza.

Mama yule alirudi. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya tatu alisoma mistari yake minne. Watu walikaa kimya, na jirani yake akamshika mkono. Wiki iliyofuata mistari ilikuwa kumi. Neno "mwanangu" lilikuwa sawasawa, wala hakuna aliyemwambia. Anayeandika kila wiki huanza kuziona herufi zake mwenyewe.

Sisemi kwamba kuandika hufufua mtu au hulipa deni. Hasha. Lakini mzigo ukishatuliwa chini, unaweza kuutazama na kuona utaubebaje.

Wanaosita

Wapo wanaosema, "Mimi sina la kuandika." Mzee mmoja alisema hivyo. Nikamwuliza alipataje jembe lake la kwanza. Alisimulia mpaka jua likazama. Nikamwambia, "Mzee wangu, ndiyo hayo. Yaandike." Sasa ana daftari la pili.

Wengine wanasema, "Kutunga ni kazi ya wasomi." Sivyo. Siti binti Saad wa Unguja hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo yeye na wenzake walitunga nyimbo za taarabu juu ya maisha ya watu wa kawaida. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zao zikasikika pwani nzima. Siti alifariki mwaka 1950. Habari za maisha yake aliziandika mtu mwingine, Shaaban Robert. Hiyo ilikuwa bahati njema. Lakini wewe na mimi, nani atakuja kutuandikia? Siti hakuwa na kalamu. Wewe unayo.

Wengine wanasema, "Nina cheti, yatosha." Hapo nina hofu. Katika nchi yetu mwaka 1970 uliitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mamilioni waliingia madarasani, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa zima. Ilikuwa kazi kubwa ya kujivunia. Lakini nimekutana na wazee waliofaulu siku zile ambao leo wanatia tena kidole gumba. Cheti kimo sandukuni, herufi zimetoroka. Jembe lisilolima hushika kutu.

Na siku hizi wengi wetu tunatuma sauti kwa simu. Ni jambo jema, linaokoa muda. Lakini sauti hiyo ikifutika, mjukuu wako atasoma nini?

Anzeni sasa

Ndugu yangu, usingoje afisa aje. Tafuta watu watano unaowaamini. Chagueni siku na mahali. Kila mmoja alete daftari na kalamu. Siku ya kwanza andikeni habari hii: "Siku ambayo siwezi kuisahau." Robo saa yatosha.

Nanyi walimu wenzangu, waacheni waandike kwanza. Kusahihisha kutakuja.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha yako ni mali pia. Yatie daftarini.

Zungumzeni darasani

1. Kwa nini mama yule aliacha kuja darasani? Mwalimu angefanya nini siku ile?

2. Sharti gani kati ya matano ni gumu kulitimiza hapa kijijini kwetu? Kwa nini?

3. Wanaume na wanawake wakae kikundi kimoja, au mbalimbali? Toeni sababu.

4. Kila mmoja aandike mistari mitano ya maneno yake mwenyewe. Asiyetaka kuisoma asilazimishwe.