Ufa Usiotazamwa: Mwombaji wa Udaktari na Alama ya Lugha katika Meru na Embu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema, hata hivyo, kwamba aliye na nyufa mbili akiziba mmoja amepona. Suala hili linastahili kuzingatiwa kila matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa. Katika nyumba nyingi, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago, wapo vijana waliotamani kuwa madaktari ambao alama zao zimewakatiza njiani. Shauri wanalopewa huwa moja: rudia mtihani. Shauri hilo si baya. Ila ni shauri pungufu, kwa kuwa mara nyingi halimwambii kijana arekebishe nini. Makala haya yanashikilia kwamba ufa unaosahaulika zaidi katika rekodi ya mwombaji wa udaktari ni ule wa lugha, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu katika kuuziba.

Ni vyema kuanza na vigezo vyenyewe. Anayetaka kusomea shahada ya udaktari nchini Kenya anatarajiwa kuwa na wastani usiopungua B, pamoja na B katika masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kizingiti tu, kwa maana ushindani huwapendelea waliokivuka kwa mbali. Lakini asiyekivuka hana ushindani wa kuingia. Lango hili basi lina nguzo nne, na mojawapo ni lugha. Aliyeiweka hapo hakukosea.

Achukuliwe mfano wa kijana wa kubuni kutoka Runyenjes. Amepata B katika Biolojia na Hisabati, B- katika Kemia, na C+ katika Kiingereza na Kiswahili vilevile. Anarudi darasani mwaka mzima. Mzazi anauza majani chai na maziwa ili amlipie mwalimu wa Kemia wa jioni. Vitabu vya Biolojia vinanunuliwa upya. Kiswahili kinaachiwa Ijumaa alasiri, maana kila mtu “anakijua”. Matokeo yanapotoka, Kemia imepanda hadi A-, shangwe inasikika kijiji kizima, na lugha zote mbili zimebaki C+. Kijana huyo amepanda, wala hakuvuka. Hakushindwa na Kemia. Ameshindwa na somo ambalo hakuna aliyeliona kuwa kikwazo.

Hesabu nayo inamsuta. Katika mfumo wa KCSE, A ina pointi 12, B ina 9 na C+ ina 7, na jumla ya masomo saba ni pointi 84. Pointi mbili zinazopatikana kwa kuinua Kiswahili kutoka C+ hadi B zina uzito uleule wa pointi mbili za Kemia. Aidha, tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. Anayetaka wastani mpya hana budi kuyakalia masomo saba upya. Haruhusiwi kuchukua Kemia ya mwaka huu na kuiunganisha na Kiswahili cha mwaka jana. Kwa hiyo kurudia mtihani ni kuanika rekodi nzima juani, si kubadilisha kiraka kimoja. Ikumbukwe pia kwamba kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Muda wa kujaribu na kukosea si mrefu.

Yupo atakayepinga kwamba kigezo kinasema Kiingereza au Kiswahili, na kwamba mwenye B ya Kiingereza hana haja na hoja hii. Kwa upande wa karatasi, amesema kweli. Lakini rekodi ya masomo haikukusudiwa kufungua lango tu. Imekusudiwa kuonyesha kwamba anayeingia ataiweza kazi. Kazi ya daktari huanza kwa kusikiliza. Ajuza wa Igembe anayefika katika hospitali ya rufaa mjini Meru haelezi maumivu yake kwa Kiingereza. Daktari aliyezaliwa Embu akapangiwa kazi Lamu au Turkana hataokolewa na Kiembu chake. Lugha itakayomkutanisha na mgonjwa, aghalabu, ni Kiswahili.

Na hapa wanaosoma Kiswahili wana jambo la kusema. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE hutahini ufahamu, muhtasari, matumizi ya lugha na isimujamii. Kupokea maelezo marefu ya mgonjwa na kutambua kilicho muhimu ni ufahamu. Kumwandikia daktari wa zamu inayofuata mambo ya msingi bila kupotosha ni muhtasari. Sajili ya hospitali, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya alama chache, ndiyo lugha ambayo mwombaji wa udaktari anatamani kuitumia maishani. Mwalimu anayemfundisha kijana huyo mada hizi pasipo kumwonyesha uhusiano huo amemnyima sababu ya kuzipenda.

Haina maana kwamba kila aliyekosa arudie. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC), kilichoanzishwa mwaka 1927, kina kampasi Embu na Meru, na stashahada zake hupokea wenye wastani wa C. Baadhi ya vyuo vikuu humfikiria mwombaji mwenye stashahada nzuri ya utabibu, ingawa hawaachi kutazama alama zake za KCSE. Jamii huiona njia hii kuwa ya walioshindwa. Huo ni upofu. Mgonjwa anayehudumiwa usiku wa manane na afisa wa kliniki haulizi kama aliyemshika mkono alikusudia kuwa nani. Hata hivyo, kwenye njia hiyo pia lugha imo miongoni mwa masomo yanayotazamwa. Hakuna mlango wa uani wa kuikwepa.

Linalopendekezwa si gumu. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia na kile cha Chuka, vilivyopata hati mwaka 2013; lina Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati mwaka 2016; na lina Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, ambacho kina shule ya udaktari mjini Meru kwenyewe. Vyama vya Kiswahili vimezoea makongamano na mashindano ya ushairi, nayo ni mema. Viongeze kazi moja: likizo zinapofika, wanachama wakae na watahiniwa wanaorudia, wazisome nao insha zao za zamani, watambue kila mmoja alipotezea wapi alama, kisha wafanye mazoezi ya karatasi zote tatu kwa matini za afya. Wanafunzi wa udaktari waalikwe waeleze wanavyozungumza na wagonjwa. Pande zote mbili zitafaidika.

Kiswahili kimelalamikiwa kwa muda mrefu kuwa hakithaminiwi na wanaosomea sayansi. Malalamiko hayo hayatakwisha kwa hotuba. Yatapungua siku ambayo kijana wa Runyenjes atauvuka mlango wa shule ya udaktari akijua kwamba nguzo ya nne aliisimamisha kwa msaada wa watu wa Kiswahili. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini aliyejikwaa hana budi kwanza ageuke na kulitazama jiwe lililomkwaza.