Wayazidi wa Iraki: jina liko katika Katiba, lakini mtoto anaandikwa wapi?

Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2018, daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo. Hapa kwetu wote tunaikumbuka siku hiyo. Lakini hakuipokea peke yake. Pembeni yake alikuwa Nadia Murad, binti wa Iraki, Muyazidi, ambaye Daesh walimuteka wakamfanya mtumwa. Habari zake zilipita haraka katika maredio yetu. Leo turudi kwa watu wake, juu wanatuonyesha kitu kimoja: hali ya kikundi kidogo ndani ya inchi haipimwi kwa Katiba tu. Inapimwa pia kwa biro, pale mtu wa Leta anapofungua daftari.

Wayazidi ni nani?

Ni watu wa dini ya zamani sana. Wengi wao wanaongea Kikurmanji, luga ya Wakurdi. Kuna wanaojiita Wakurdi, na kuna wanaosema wao ni taifa lao wenyewe. Wanaamini Mungu mmoja, na wanamheshimu malaika mkubwa wanayemwita Malaika Tausi. Kwa karne nyingi majirani wamesema huyo malaika ni Shetani, na uongo huo njo uliobeba mauaji mengi. Patakatifu pao ni Lalish, kaskazini ya Iraki. Wengi walikuwa wakaaji wa Sinjar, mlima ulio karibu na mpaka wa Siria. Kabla ya vita walikadiriwa kuwa kama nusu milioni, katika inchi ambayo leo ina watu zaidi ya milioni 40, wengi wao Waarabu Waislamu.

Ukisoma Katiba ya Iraki ya mwaka 2005, utafikiri mambo yao yako sawa. Kipengele cha 2 kinasema Uislamu ni dini rasmi ya Leta, halafu kinahakikisha uhuru wa dini kwa kila mtu, na kinataja Wakristo, Wayazidi na Wamandayo kwa majina. Katika bunge la viti 329, viti vichache vinawekwa pembeni kwa ajili ya vikundi vidogo. Wakristo wana vitano, Wayazidi kimoja.

Kiti kimoja kwa nusu milioni ya watu! Hata hivyo, tatizo kubwa haliko bungeni.

Nyumba bila karatasi

Katika miaka ya 1970, serikali ya chama cha Baath iliwatoa Wayazidi wengi kwa nguvu katika vijiji vyao vya mlimani. Iliwapanga katika vijiji vikubwa chini, kwenye tambarare, ili iwe rahisi kuwachunga. Katika kuhesabu watu, wengi walilazimishwa kujiandika kama Waarabu. Walipewa mahali pa kukaa, lakini hawakupewa hati ya kumiliki. Baba alijenga, mtoto akarithi, mjukuu akazaliwa humo, na daftari la Leta halikusema nyumba ni ya nani.

Mtu wa Goma au Uvira mwenye kukaa kwenye parseli bila sertifika hahitaji maelezo marefu. Siku ya amani, majirani wanajua ni kwako. Siku ya vita, unabaki na maneno tu.

Vita ilifika tarehe 3 mwezi wa nane 2014. Daesh walishambulia Sinjar, na askari wa Kikurdi, wale Peshmerga waliokuwa walinzi wa eneo, walijiondoa bila kuwaonya wakaaji. Makumi ya maelfu walikimbilia mlimani bila maji, katika jua kali. Kocho, kijiji cha Nadia Murad, kilizungukwa karibu wiki mbili. Tarehe 15 wanaume waliuawa, wasichana na akina mama wakabebwa kuuzwa. Kwa jumla watu zaidi ya 6,000 walitekwa, na wengine zaidi ya 2,500 hawajulikani waliko hadi leo. Mwaka 2016, tume ya uchunguzi ya ONU ilisema wazi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kisha Daesh wakashindwa. Mtu anataka kurudi kujenga, na anapoomba fidia anaulizwa: onyesha nyumba ilikuwa yako. Ataonyesha nini? Ni mwezi wa kumi na mbili 2022 tu ambapo serikali ya Baghdad ilikubali kuwapa Wayazidi wa Sinjar hati za kumiliki, kisha miaka zaidi ya 40. Ni hatua nzuri, lakini wengi bado wako katika makambi ya wakimbizi wa ndani.

Mtoto yuko wa dini gani?

Hapa njo penye kidonda.

Kati ya akina mama waliotekwa, kuna waliozaa na wapiganaji wa Daesh. Katika Iraki, dini ya mtu inaandikwa katika daftari la Leta. Sheria ya kitambulisho cha taifa, iliyopita bungeni mwaka 2015, inasema mzazi mmoja akiingia Uislamu, watoto wake wadogo wanamfuata. Wakristo na Wayazidi waliipinga, haikubadilishwa. Na mtoto aliyezaliwa na baba Muislamu anahesabiwa Muislamu, hata kama huyo baba alimununua mama sokoni.

Upande wa pili, dini ya Kiyazidi yenyewe inasema Muyazidi ni yule aliyezaliwa na baba na mama Wayazidi. Tukumbuke pia kwamba Baba Sheikh, kiongozi wao wa kiroho wa wakati ule, alifanya jambo kubwa: alifungua mlango wa Lalish na kusema wanawake waliotekwa ni watoto wetu, wapokelewe kwa heshima. Mbele ya hapo, aliyetoka katika dini, hata kwa nguvu, hakuweza kurudi. Lakini kwa watoto, mlango ulibaki umefungwa. Mwezi wa ine 2019, Baraza lao kuu la kiroho lilitoa tangazo ambalo wengi walilisoma kama kuwakubali. Kisha siku chache likafafanua: watoto waliozaliwa kwa kubakwa hawamo.

Basi mama anawekwa katikati ya madaftari mawili. La Leta linasema mtoto ni Muislamu, la jamaa linasema si wetu. Akitaka kurudi kwa wazazi, amuache mtoto. Akimshika mtoto, asirudi. Kuna walioacha watoto Siria na wanalia hadi leo, na kuna waliokataa kurudi.

Tusikimbilie kuwahukumu wazee wa Kiyazidi. Kikundi kidogo ambacho kimeuawa mara nyingi kinajifunga ili kisipotee. Ila Leta yenye watu milioni 40 haina woga huo. Ingeweza kumuandika mtoto kwa jina la mama yake na kuacha dini wazi mpaka akue, achague yeye mwenyewe.

Sheria ya 2021, na kilichosahauliwa

Tarehe 1 mwezi wa tatu 2021, bunge la Iraki lilipitisha sheria ya kuwasaidia wanawake Wayazidi walionusurika, pamoja na Wakristo, Waturkmeni na Washabaki. Inatoa mshahara wa kila mwezi, parseli au nyumba, masomo, na asilimia 2 ya kazi za Leta. Pesa zimeanza kutoka. Sisi wenye sheria yetu ya mwezi wa kumi na mbili 2022 na mfuko wa FONAREV, tunajua kazi iliyopo kati ya sheria na mkono wa mama aliyeumizwa.

Lakini sheria hiyo ya Iraki haikupanga neno lolote juu ya watoto. Na korti za Iraki zimewahukumu Daesh wengi kwa ugaidi, si kwa kubaka wala mauaji ya kimbari. Hukumu ya kwanza duniani juu ya mauaji ya kimbari ya Wayazidi ilitoka Frankfurt, Ujerumani, mwezi wa kumi na moja 2021.

Kwetu Kongo, sheria ya uraia ya 2004 inasema mtoto ni Mukongomani kama baba au mama ni Mukongomani. Hiyo ni nguvu ambayo mama wa Sinjar hana katika daftari la dini. Lakini ni mama wangapi wa Shabunda au Walikale wanaofika kwenye biro ya etasivili katika zile siku 90 za sheria? Na wakifika, wanapoulizwa jina la baba mbele ya watu, wanajibu nini?