Mzoga wa ndege wa baharini ni ushahidi, si taka

Mafuta yanapomwagika baharini, macho ya wengi huelekea kwenye mikoko, samaki na wavuvi waliopoteza riziki. Ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, shakwe au membe aliyekufa ufuoni akiwa amelowa mafuta ni rahisi kuzolewa na mchanga mchafu, akafukiwa au kuchomwa. Ushahidi nao hupotea.

Wakazi wa Changamwe na Likoni wanaifahamu hatari hii. Mwaka 1988, takriban tani 5,000 za mafuta zilivuja kutoka tangi lililotoboka na kuharibu mikoko ya Makupa. Aprili 2005, meli ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta ghafi bandarini. Tangu 2022, gati jipya la mafuta la Kipevu linaweza kuhudumia meli 4 kwa wakati mmoja.

Je, mzoga una thamani gani? Mwaka 1967, mtafiti Mwingereza Derek Ratcliffe alilinganisha maganda ya mayai yaliyohifadhiwa miaka mingi, akabaini kwamba yalikuwa yamepungua unene tangu dawa ya DDT ilipoanza kutumika. Mayai hayo yangalitupwa, siri hiyo isingalifichuka. Huko Alaska, baada ya ajali ya Exxon Valdez mwaka 1989, zaidi ya mizoga 35,000 ya ndege iliokotwa, na mingi ikahifadhiwa katika majokofu kwa ajili ya kesi.

Hatua ya kwanza haihitaji makuu. Aokotaye huvaa glavu, huufunga mzoga kwa karatasi ya alumini, huandika tarehe na mahali, kisha hugandishwa. Baadaye wataalamu hulinganisha mafuta ya manyoyani na yale ya meli inayoshukiwa, huhifadhi kipande cha ini kwa uchunguzi wa sumu, na huchuna ngozi, kuisafisha na kuijaza pamba.

Wataalamu tunao: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mombasa, na hazina ya ndege ya Makavazi ya Kitaifa iko Nairobi. Lakini katika joto la pwani mzoga huoza upesi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali kwa anayeuhifadhi. Kwa hivyo jokofu, kibali na mhusika mkuu viamuliwe kabla ya ajali. Mvuvi anayedai fidia atahitaji ushahidi huo kama mwanasayansi.

Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Mafuta ni vivyo hivyo. Ushahidi wake ndio uzolekao, mradi awepo wa kuuzoa.